Kipindi cha michezo kisiliwe na hisabati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kipindi cha michezo kipo, lakini kwa darasa la nne na la saba, wenye mitihani ya taifa, kipindi hicho huliwa na hisabati. Hata mimi nilikuwa nakila, nikiamini nawasaidia watoto. Leo najuta.

Mjukuu wangu yuko darasa la saba. Hutoka nyumbani alfajiri, hurudi saa kumi na mbili jioni kwa ajili ya masomo ya ziada. Siku nzima yuko kwenye dawati. Usiku anagaagaa bila usingizi, na siku ya jaribio huamka tumbo linamuuma. Likizo iliyopita alicheza rede uani na wenzake kila jioni hadi adhana ya magharibi. Akawa anakula, analala fofofo, na habari za tumbo hatukuzisikia.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli zinazomfanya aheme, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo za kukomaza misuli na mifupa. Kamba, rede na kombolela zinatosha, wala hazihitaji bajeti. Mfupa wa mtoto huimarishwa na kile kishindo cha kuruka na kutua.

Lakini faida ya moyoni ndiyo tunayoisahau zaidi. Kwenye rede mtoto hupigwa mpira akatoka, na mchezo ukianza upya naye anarudi. Anaona kwa macho yake kwamba kushindwa kunapita. Darasani, aliyeshika mkia jina lake linabaki ukutani hadi jaribio lingine. Nimewahi kuwa na wanafunzi ambao sauti zao nilizisikia kwa mara ya kwanza uwanjani.

Najua nitaambiwa tunayo UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini. Nayaheshimu sana mashindano hayo, ila huchagua wenye mbio tayari. Mtoto mnene, mwenye ulemavu, au msichana aliyevunja ungo anayeona haya kukimbia mbele za watu, hubaki kushangilia. Na hao ndio wanaokihitaji zaidi kipindi cha kila wiki.

Wathibiti ubora wa shule wakija hukagua maandalio ya somo na madaftari. Ninawaomba, siku hiyo wasimame pia uwanjani saa ambayo ratiba inasema ni michezo, wahesabu waliotoka na waliobaki ndani. Walimu wakuu nao wakilinde kipindi hicho hata Agosti, mtihani wa darasa la saba ukiwa umebakiza wiki chache.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro