Kabla ya kuchapa lebo, ujue ni msimbo pau gani unaouhitaji

Mteja akituletea kazi ya lebo, kabla ya kuuliza rangi wala ukubwa, tunamuuliza lebo hiyo itasomwa wapi. Kwa macho yetu mistari yote ya msimbo pau (barcode) hufanana. Kwa skana, yaani mashine inayoisoma, kila aina ina lugha yake.

Bidhaa ya kuuzwa dukani haina mjadala: EAN-13 yenye tarakimu 13, au ndugu yake UPC-A yenye 12, inayotumika zaidi Marekani na Kanada. UPC ndiyo iliyosomwa kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya duka mwaka 1974, huko Ohio, kwenye pakiti ya ubani wa kutafuna. Kifungashio kikiwa kidogo mno, ipo EAN-8. Vitabu navyo hubeba EAN-13 inayoanza na 978 au 979.

Wengi huamini tarakimu za mwanzo hutaja nchi bidhaa ilikotengenezwa. Sivyo. Hutaja tawi la GS1, shirika la kimataifa linalosimamia namba hizi, lililotoa namba hiyo, na kiwanda chaweza kuwa bara jingine kabisa. Kwa hiyo namba za kuuzia madukani usijitungie, ziombe GS1. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zile zilizotangulia, ndiyo maana ukikosea tarakimu moja tu unapoichapa kwa mkono, mashine huikataa.

Kwa matumizi ya ndani, yaani stoo, mali za ofisi au vitambulisho, uko huru zaidi. Hapa ndipo tunapoona makosa mengi. Watu huchagua Code 39 kwa kuwa ni ya zamani na karibu kila skana huisoma, lakini ni ndefu, na kwa kawaida hubeba herufi kubwa, tarakimu na alama chache tu. Code 128 hubeba pia herufi ndogo, na tarakimu huzipanga mbilimbili: namba ya tarakimu kumi huchukua karibu nusu ya nafasi. Kwa lebo ndogo, sisi tungechagua hiyo bila kusita. Vifurushi vya usafirishaji huitumia pia.

Katoni za jumla hutumia ITF-14, ile yenye fremu nene nyeusi. Hustahimili uchapaji wa moja kwa moja juu ya boksi la karatasi ngumu. Codabar bado ipo katika baadhi ya maktaba na benki za damu, ila kwa mfumo mpya hatuishauri.

Aina yoyote utakayochagua, acha nafasi tupu pande zote mbili za mistari. Mbunifu akiijaza kwa picha, skana haitajua msimbo unaanzia wapi. Mistari myekundu juu ya nyeupe nayo usithubutu: skana nyingi humulika mwanga mwekundu, na mbele yake wino huo hupotea. Tukikutumia sampuli, ijaribu kwa skana yako mwenyewe, ikiwa imebandikwa kwenye kifungashio halisi, kabla hujatuambia tuchape zote.