Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mwaka huu nimepigiwa simu nyingi kuliko mwaka wowote tangu mnikabidhi kiti hiki, na karibu zote zilianza na swali lile lile: "Mwenyekiti, mbona pesa imeingia pungufu?" Ni ile pesa tunayolipwa na taasisi za umma, sisi washauri wa kujitegemea. Kwa hiyo taarifa yangu itakaa zaidi kwenye kodi. Mahesabu ya chama, ada na mambo ya ofisi anayo mweka hazina, naye atayasoma mwenyewe.

Nianze na hilo swali. Tumeshazoea kwamba taasisi ya umma ikimlipa mshauri elekezi mkazi, inakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa kabla pesa haijakufikia. Kuanzia Julai 1, Sheria ya Fedha ya 2025 imeleta zuio jingine, safari hii kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani: asilimia 3 ya thamani ya bidhaa na asilimia 6 ya thamani ya huduma. Sisi ni watu wa huduma, kwa hiyo linalotugusa ni hilo la 6.

Chukua kazi ya shilingi milioni 10. VAT yake kwa asilimia 18 ni 1,800,000, ankara inasoma 11,800,000. Taasisi inakata 500,000 ya kodi ya mapato na 600,000 ya VAT, wewe unaona 10,700,000 benki. Hakuna aliyekudhulumu. Makato yote mawili ni pesa yako iliyokutangulia Mamlaka ya Mapato (TRA), na utaihesabu kwenye ritani zako, zile fomu za kodi unazowasilisha: ile ya kwanza kwenye ritani ya mapato, ya pili kwenye ritani ya VAT. Walionipigia simu wakiwa na hasira nawaomba warudi kwenye karatasi zao wapige hesabu hiyo upya.

Viwango hivyo tunaweza kuvibeba. Kinachotuvunja mgongo ni tarehe, na hapa nitasema yaliyonikuta mimi mwenyewe.

Julai nilikabidhi ripoti ya makadirio ya majengo kwa taasisi moja ya Serikali. Ripoti ikapokelewa, ikapigwa muhuri. Mhasibu akaniambia, kwa upole kabisa, "Mzee, lete risiti ya EFD ndipo tukuandalie vocha." Nikarudi ofisini, nikaitoa kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Karatasi yenyewe haizidi kiganja, lakini mashine ikishaitema, taarifa imefika TRA na VAT imeiva. Agosti 20, siku ya mwisho ya kulipa VAT ya Julai, ilinikuta sijalipwa hata senti. Nikalipa VAT kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa karo na kwa posho za vijana wangu wawili waliokwenda saiti. Kila nikiuliza vocha yangu, jibu likawa fedha hazijashuka. Zilishuka Novemba, na zilipokuja zikawa zimekatwa ile asilimia 6, ingawa VAT nilishailipa yote miezi mitatu nyuma. Nitaipata kwenye ritani, ndiyo. Ila kwa miezi ile mimi ndiye niliyekuwa naikopesha Serikali, bila riba, kutoka mfuko wa mtu mmoja.

Simlaumu yule mhasibu. Amefungwa na utaratibu, na MUSE, mfumo wa malipo wa Serikali, haiwezi kulipa kisichokuwepo kwenye kifungu cha bajeti. Lakini utaratibu unaodai risiti kabla ya malipo unamtwisha mzigo mtu asiye na mtaji wa kuubeba, na sitachoka kulisema hilo popote nitakaposikilizwa.

Wanaoumia zaidi ni vijana wetu waliosajiliwa na bodi za taaluma. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT kilipanda Julai 2023 kutoka milioni 100 hadi milioni 200, na wengi walishangilia. Mhandisi, mwanasheria, mhasibu au mkadiriaji majenzi hakimhusu. Huyo anajisajili hata kama mwaka mzima amepata kazi moja ndogo. Nimekaa na binti mmoja mwanachama wetu, kazi yake ya kwanza kupitia NeST, mfumo wa zabuni wa Serikali, akiwa na shajara mkononi ameandika kila tarehe 20 kwa wino mwekundu. Aliniuliza kama kuna njia ya kuikataa kazi ya Serikali bila kufungiwa kuomba zabuni. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na nilirudi nyumbani nimekosa raha.

Jambo la pili ni wale waliogeuzwa wafanyakazi kwenye kodi peke yake. Mwanachama wetu wa mifumo ya kompyuta amekaa kwenye taasisi moja miaka miwili kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, anasaini kitabu cha mahudhurio asubuhi na jioni. Mwaka huu wameacha kumkata ile asilimia 5, wanamkata PAYE, kodi ya mshahara, ambayo kwa mapato yanayozidi milioni moja kwa mwezi hufika asilimia 30, na gharama zake za vifaa na nauli hawezi tena kuziondoa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inasema mtu akiwa anaelekezwa namna na saa za kufanya kazi, au anamtegemea kiuchumi huyo anayemfanyia kazi, huchukuliwa kuwa mwajiriwa, na kigezo kimoja tu kinatosha. Sawa. Basi apewe likizo, achangiwe mafao, apate notisi. Kumwita mwajiriwa siku ya kukata kodi na mkandarasi siku ya kudai likizo hatukubali, na kamati imempatia wakili.

Kuhusu tulichofanya: tuliwasilisha maoni kwa Tume ya Rais ya maboresho ya kodi iliyoongozwa na Balozi Ombeni Sefue. Tuliomba VAT ya huduma zinazouzwa kwa Serikali ihesabiwe siku ya malipo. Ombi hilo hatujaliacha, tutalipeleka tena Wizara ya Fedha kabla ya bajeti ya 2026/27. Ambaye ana ankara zinazoonyesha tarehe ya risiti na tarehe ya malipo aniletee nakala, maana wizarani wanasikiliza karatasi kuliko malalamiko.

Wakati tunasubiri, andikeni kazi kwa awamu kwenye mkataba, kila awamu na malipo yake, ili risiti isitoke ya kazi nzima kwa mkupuo. Kifungu cha riba ya ucheleweshaji kisomeni kabla ya kutia saini, na mkitumie. Na cheti cha kodi ya zuio kidaini wiki ile ile pesa inapoingia. Mwanachama mmoja amekwenda Dodoma mara nne kukifuata cheti, na mara ya nne aliambiwa afisa aliyeshika faili amehamishwa. Bila cheti, ile 5 inakuwa vigumu kuidai.

Baada ya mkutano, mweka hazina atabaki ukumbini na kompyuta yake. Mwenye vyeti vya mwaka huu aje navyo, tuvilinganishe kimoja kimoja na yanayoonekana TRA.