Kubadili muda wa alati (meseji za tahadhari), kesho saa 4 asubuhi

Wakuu habari za jioni, poleni na usiku wa jana. Swichi ya mtandao ilizima saa 8 usiku na kiongozi wa zamu akapata meseji saa 9 kamili, kwa sababu Nagios (programu inayofuatilia vifaa na kututumia alati) hapo haihesabu dakika inahesabu meseji, sisi tuliiambia impelekee kuanzia meseji ya 3 na zinapishana dakika 30, ya kwanza ikitoka hapohapo, ndo saa nzima ikapotea.

Kesho saa 4 asubuhi tukutane chumba cha seva:
1. Tunashusha hizo dakika 30 ziwe 10, meseji ya 3 itatoka dakika ya 20.
2. Njoo na namba yako ya usiku, ile huzimi.

Tafadhali kila mmoja ajibu "nipo" kabla ya saa 3 usiku huu, na aliye zamu aseme nani atamshikia.