Aliyeanguka asihukumiwe

Mhariri,

Inaniuma kusikia waumini wakisema aliyeiacha imani "hakuwahi kuokoka". Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri wa Moshi. Ungamo letu la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani ya Kilutheri, kifungu cha 12, linakataa fundisho kwamba aliyehesabiwa haki, yaani aliyekubaliwa na Mungu kwa imani, hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Kifungu hicho hicho kinasema aliyeanguka baada ya ubatizo husamehewa wakati wowote anapotubu. Ndugu zetu wanaoshikilia Yohana 10:28, kwamba kondoo wa Yesu hawatapotea kamwe, nawaheshimu sana. Lakini kijana wetu wa kwaya, ambaye sasa anashinda kwenye mbege, pombe ya ndizi, hapo awali nilimwona akitubu kwa machozi, sauti imemkauka. Ile toba ilikuwa ya kweli. Petro naye alimkana Bwana mara tatu. Wachungaji, fundisheni kifungu hiki kwenye darasa la kipaimara.

Mzee wa Kanisa, Moshi