Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanafunzi wa Afya wa Lamu na Wenzao wa Ng'ambo

Wanachama wapendwa, asalaam aleikum.

Kazi yetu kubwa mwaka huu imekuwa mafunzo ya pamoja ya wanafunzi wa uuguzi, ukunga, tiba ya kliniki, famasia na maabara, wakiunganishwa kwa intaneti na wenzao wa vyuo vikuu vya Ulaya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika elimu hii wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi hujifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Hilo la "pamoja nao" ndilo zito. Vikao vya mwanzo tuliwajaza ukumbini wakasikiliza mhadhara mmoja, kila taaluma safu yake, wakaondoka kama walivyokuja.

Sasa kundi ni la watu 6 hadi 8, na hakuna taaluma inayozidi nusu. Kisa ni kimoja: mama amejifungua, alichomwa uniti 10 za oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, mtoto alipotoka, lakini damu imeshapita mililita 500 na haikatiki. Mkunga anakanda tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze. Mwanafunzi wa famasia anauliza: dawa hii iliwekwa wapi? Oksitosini hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa rafuni kwenye joto letu hupungua nguvu, na kichupa hakionyeshi dalili yoyote. Wa maabara anataka sampuli ya kupima kundi la damu sasa hivi, asingoje mama azimie. Asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia kukata damu), gramu 1 mshipani kwa dakika 10, haina budi kutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, kwa hiyo lazima mmoja wao ashike saa na kuandika.

Zoezi ni dakika 20, mazungumzo yake 40. Naomba wakufunzi wasiyapunguze hata muda ukibana. Hapo ndipo muuguzi husema kwamba aliona mapigo yakipanda, akanyamaza kwa kumstahi aliyekuwa akitoa amri. Tunawazoesha kutoa taarifa kwa mpangilio: hali ilivyo sasa, historia, tathmini, pendekezo. La mwisho ndilo huachwa, na bila hilo anayepokea simu hajui anatakiwa afanye nini.

Saa zimetusumbua. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Tena "saa nane" yetu si yao. Barua zote sasa ziandikwe "14:00, saa za Nairobi".

Kuna taaluma ambazo mtaala wao hauhesabu alama za zoezi hili, na wanafunzi wake hupotea wiki ya mtihani. Hilo ni la kuzungumzwa na wakuu wa vyuo.

Linalonikera zaidi ni ushirikiano wa upande mmoja. Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, kilianza kuwasomesha pamoja wanafunzi wa afya mwaka 1986, na katika ushirikiano wake wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Moi wanafunzi huenda na kurudi pande zote mbili. Rasimu ya mkataba wa ushirikiano tuliyoletewa sisi inataja wageni kuja tu. Hatutaitia sahihi hadi iandikwe nafasi za wanafunzi wetu kwenda, nani analipa nauli, na wageni kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wasipige picha wodini.

Ziara za Faza na Kiunga zipangwe wakati wa kaskazi. Juni na Julai bahari huchafuka kwa kusi, na boti ikiahirishwa kundi zima hubaki gatini.