Barua ya wazi kwa Kamishna wa Sensa wa India: Mtaihesabu Joshimath ipi?

Mheshimiwa Kamishna,

Salamu kutoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa. Nilipanda na kushuka makorongo na kishikwambi mkononi, swali likiwa lile lile kila mlango: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti? Najua kwenu pia kazi hii huwaangukia walimu, ndiyo maana nimepata ujasiri wa kukuandikia.

Nikifundisha Himalaya huwapeleka wanafunzi Joshimath, kwa ramani tu. Mji mdogo wa wilaya ya Chamoli, jimbo la Uttarakhand, umekaa ubavuni mwa mlima kwenye mita 1,875 hivi, juu ya pale mto Dhauliganga unapoingia Alaknanda. Wakiniuliza una watu wangapi, najibu 16,709. Wa mwaka gani? 2011. Hapo Kidato cha Kwanza hucheka, maana karibu wote hawakuwa wamezaliwa. Sensa yenu ya 2021 ilikwama kwa sababu ya Korona, na sasa mmeipangia 1 Machi 2027, isipokuwa sehemu za theluji ambazo tarehe yake ni 1 Oktoba 2026.

Tarehe hizo mbili ndizo zilizonikosesha usingizi. Oktoba barabara ya kwenda Badrinath, hekalu la Wahindu lililo juu zaidi milimani, bado ina mahujaji, na hoteli za Joshimath zina wageni, wapishi na wapagazi. Machi hekalu la Badrinath limefungwa, ibada imehamia hekalu la Narsingh mjini hapo, na watu wa mabonde ya Niti na Mana wameshuka kukimbia baridi. Ni mji mmoja, lakini watu wake si wale wale. Hata mwaka 2011 hesabu ilikuwa na wanaume 9,988 kwa wanawake 6,721. Mji wenye kambi za jeshi na vibarua wa ujenzi hauwezi kusomwa kama kijiji cha wakulima.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Joshimath haikujengwa juu ya mwamba imara, imekaa juu ya kifusi cha maporomoko ya zamani, mchanga na mawe. Kamati ya Mishra, iliyoundwa na serikali kuchunguza ardhi ya mji huo, ililisema hilo mwaka 1976, ikaonya dhidi ya majengo mazito na kulipua mawe, ikashauri miti ipandwe na maji yaongozwe kwenye mifereji. Hoteli ziliongezeka ghorofa hata hivyo, na majitaka yakaendelea kunywewa na udongo ule ule. Januari 2023 ukuta baada ya ukuta ukapasuka, katika nyumba zaidi ya 800. Picha za satelaiti zilionyesha mji umetitia sentimita 5.4 kwa siku 12 tu. Wakazi wengi wakalinyoshea kidole handaki la mradi wa umeme. Serikali ikazitaka taasisi za utafiti zisiseme na vyombo vya habari. (Hapo mwalimu hubaki na chaki mkononi.)

Familia nyingi zilihamishwa. Nyingine zilienda kupanga, nyingine kwa ndugu, na wapo waliorudi ndani ya nyufa zao kwa sababu ng'ombe na duka haviwezi kukaa chumba cha hoteli. Kwenye takwimu za jimbo zima watu hawa watamezwa. Kwa hiyo naomba mtoe idadi ya Joshimath kata kwa kata, pamoja na majibu ya waliohama na sababu zao, ili anayechora mifereji ajue mteremko upi umebeba watu wangapi, na kwa msimu upi.

Na uwaambie makarani wako jambo moja dogo. Wakifika kwenye nyumba iliyopigwa alama nyekundu ya msalaba kwamba si salama, wakakuta kufuli, wasijaze kwamba haina watu wakapita. Wabishe hodi kwa jirani, waulize wenyewe wanalala wapi siku hizi. Huku kwetu jirani alikuwa anajua kila mara, ila alitaka kwanza tukae tunywe chai.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa jiografia, Lushoto