Mwanaesha, usiitundike juu ya baraza

Malindi, Jumatatu usiku

Shoga yangu Mwanaesha,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Waambaje, na wa nyumbani huko Lamu hawajambo? Mama na presha yake? Huku sote wazima, ila joto tu. Swabra anakusalimu, Bi Rukia anakusalimu, na yule asiyetaka atajwe naye anakusalimu. Basi, salamu zimetosha, maana Kassim anapanda basi alfajiri na nina jambo linaninyima usingizi.

Ni ile picha yako ya jana. Mwanzo nilifurahi: nikauona mlango wenu, daka lile la baraza mlangoni, na hata bakora ya Mzee Shekue imeegemezwa pale pale pa siku zote. Halafu nikaikuza. Nikaona alama nne za penseli ukutani, juu kabisa ya anapokaa Mzee. Na chini umeandika, "Fundi anakuja Alhamisi kutundika mashine ya nje ya AC."

Mwanaesha, usiitundike hapo.

Nimekupigia mara tano. Mara mbili umeshika ukasema "nakusikia, nakusikia" na hunisikii. Ndiyo nimechukua karatasi kama enzi zile za bweni.

Najua utasema Zulekha ameanza. Lakini habari ya AC yangu hukuipata yote. Nilikwambia iliharibika. Haikuharibika, ilianguka. Nilikuficha kwa aibu.

Nilipofungua vile vyumba viwili vya wageni nilitafuta fundi wa bei nafuu. Simtaji. Alikuja na drili, breketi mbili, na bolti zile zinazotanuka ndani ya tundu ukizikaza. Ukuta wangu ni kama wenu, mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya babu. Drili ilizama kama kisu kwenye boflo. Nami nikasimama pale nikisema mashallah, fundi hodari, nusu saa kamaliza! Kumbe ile ndiyo iliyokuwa dalili. Ukuta unaotoboka kwa raha hivyo hauna cha kuishika bolti. Bolti inatanuka, jiwe linasagika, na kila kompresa, ile pampu ya gesi ndani ya mashine, ikitetema linasagika tena kidogo.

Ilikaa miezi minane. Kila asubuhi nikifagia ule ujia wa ubavuni nilikuwa nakuta unga mweupe chini yake, kiasi cha kijiko, laini kama ngano. Naufagia, natupa. Miezi minane, shoga yangu, naufagia ukuta wangu mwenyewe na kuumwaga jaani, wala sikuinua kichwa kutazama unatoka wapi.

Siku yenyewe kusi lilikuwa limechachamaa. Baada ya alasiri nikasikia kishindo kama punda amepiga teke mlango. Natoka, mashine inaning'inia kwa paipu za shaba, inajigeuza polepole, na bolti mbili za juu ziko hewani. Za juu ndizo hutoka kwanza, alinieleza fundi wa pili, kwa sababu uzito wote unainamia nje: za chini zinasukumwa ukutani, za juu zinavutwa mchana na usiku. Nikiwa bado nimeduwaa paipu ikakatika, gesi ikatoka kwa mlio, ukungu mweupe, na zile kilo 30 zikashuka. Waya ukabaki unaning'inia na stima ndani, maana yule bwana aliuunga kwenye soketi ya friji. Hakuweka swichi ya kukatia nje, hakuipa mashine breka yake peke yake. Nilikimbilia kwenye meta miguu mitupu.

Pale chini ndipo Twalib wa jirani hukaa kufanya kazi za shule, kwa kuwa pana kivuli. Siku hiyo mamake alikuwa amemtuma sukari. Daftari lake tulilitoa chini ya mashine.

Sasa niambie, mimi nikiiona ile picha yako na bakora ya Mzee Shekue, nilale vipi?

Fundi wa pili nilimtoa Mombasa. Ghali, na mdomo anao, lakini nilikaa naye siku nzima kama mwanafunzi na nilimwuliza hata ya kuudhi. Cha kwanza hakutoa drili. Alitoa nyundo ndogo, akagonga ukuta huku na huku na sikio ameliweka kando, kama mtu anayechagua nazi. Akasema, "Huu haubebi kitu." Kama hapana budi ukutani, akasema, basi bolti zipite ukuta mzima hadi ndani na zishikwe huko na bamba la chuma, si kutanuka tu katikati ya chokaa. Lakini kuta zetu wewe wazijua unene wake, dhiraa nzima nyingine, na ukishaanza kutoboa hujui utamwaga nini. Yangu akaishusha chini, uwanjani nyuma, juu ya tuta la saruji, miguu minne juu ya raba.

Wewe uwanja huna. Najua utafikiria kiwanda, ule ua wenu wa ndani. Usifikirie. Mashine ya nje kazi yake ni kutoa joto la chumbani na kulimwaga nje, na kile kiwanda chenu kimezungukwa na kuta pande zote. Hewa moto itapanda ukutani, itarudi ndani ya mashine, na nyingine itaingia jikoni kwa Bi Amina. Halafu utalipa stima kuipasha nyumba yako moto. Na huko mlikochora ni vivyo hivyo: ile ndia, njia ya mlangoni penu, upana wake punda wawili hawapishani, feni itapuliza ukuta wa kina Aboud na dirisha la bintiye. Mbele ya feni panatakiwa wazi, mita moja na zaidi, na nyuma walau shibiri iachane na ukuta ivute hewa. Kitabu cha mashine kina mchoro. Mwambie fundi akufungulie ukurasa huo mbele yako. Akikwambia hana haja ya kitabu, mpe chai aende zake.

Ningekuwa mimi ningeipandisha darini, kule juu kabisa ya nyumba. Si chini ya makuti, tafadhali: unyasi utaingia kwenye feni, na nyaya na makuti si ndugu. Iwe mahali peupe, juu ya ukuta ule wa ndani unaotenganisha vyumba, si katikati ya boriti. Boriti zenu zimebeba vya kutosha, na kule kutetema usiku kucha juu ya kichwa cha Mama hakufai. Wala wasitoboe sakafu ya dari kuifunga. Tundu moja tu, mvua ya masika ikiingia, boriti inaoza kimya kimya. Atengeneze kitako kipana cha kutandaza uzito, kiwe kizito chenyewe upepo usikipindue. Na iwe mbali na ukingo! Watoto wa Swaleh wakiliona lile bokisi karibu na ukingo watalifanya ngazi. Hilo nililiona kwangu, Twalib alipanda siku ya pili tu, na kwangu ni uwanjani.

Halafu na fundi mwenyewe: juu darini anasimama kwa miguu yake miwili. Kwenye ndia atakuwa juu ya ngazi, kakumbatia kilo 30, na chini punda wapita na mawe ya kujengea.

Ah, na jambo la ukuta wa nje, kabla sijasahau. Mji wenu umo katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, na ninyi mko Mkomani, ndani kabisa ya mji mkongwe. Pitia kwa watu wa Makumbusho uwaulize kabla hamjatoboa chochote upande wa ndia. Mkiiweka darini isipoonekana, huenda mkapumua.

Kuhusu gesi nitasema kidogo, ingawa hapa ndipo fundi wa Mombasa alipopandisha sauti. Tazama kibandiko ubavuni mwa mashine. Hizi mpya nyingi gesi yake ni R32, na hiyo inashika moto, si kama gesi ya kupikia, lakini inashika. Kwa hivyo hakuna sigara, na hakuna kuchomelea paipu yenye gesi. Akishaunga paipu avute hewa yote kwa pampu, nusu saa hivi, kisha azime na kungoja aitazame geji: mshale ukitulia, sawa, ukirudi, panavuja. Wale wavivu hufungua gesi kidogo ili isukume hewa itoke, wakasema imekwisha. Hewa ikibaki humo ikabanwa pamoja na gesi na mafuta, kompresa inaweza hata kupasuka. Na akitaka kupima paipu kwa presha atumie naitrojeni. Asije akakuletea mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji kwa kuwa ndio ulioko karibu. Oksijeni na mafuta ya kompresa ni mlipuko. Mtungi ukiuona, uliza ni wa nini. Wewe mdomo hukukosa tangu zamani.

Stima: breka yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya mnene, athi ya kweli iliyofika ardhini si ya kupakwa rangi tu, na swichi ya kukatia pale pale darini ambayo anayeitengeneza anaweza kuiona. Hii ya swichi naililia kwa sababu ya miguu yangu mitupu.

Na umesema Faiz ndiye aliyenunua. Kanitumia picha ya yake huko Ujerumani, bokisi kama hilo hilo, limesimama kwa miguu mirefu theluji isilizike, nalo linapasha nyumba moto! Mashine ni moja, inageuzwa tu mwendo wa gesi. Anasema wakati wa baridi ikiyeyusha barafu yake maji humwagika njiani, yakaganda, na mwenye nyumba wake akateleza akaanguka. Sasa na ya Mama inapasha pia. Joto, Lamu! Ile rimoti ina alama ya jua, iwekee plasta. Mama akiibonya mwezi huu wa kaskazi tutamkuta amekauka kama papa wa ng'onda.

Chumvi nayo. Upande wa bahari usiuelekezee. Fundi wangu alisema pwani hizi zinaliwa na hewa, breketi na skrubu zikiwa chuma kitupu mwaka haupiti zinamenyeka kama maganda ya muhogo. Mimi kila mwezi naizima kwenye swichi, naimwagia maji matamu taratibu kwenye zile mbavu zake nyembamba. Maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Omari alitumia ya kisima. Unamjua Omari.

Pesa itakupungukia, najua, kitako na paipu ndefu si bure. Paipu ikizidi ile iliyopimiwa gesi kiwandani, mita tano au saba hivi, angalia kitabu, huongezwa gesi kwa kupimwa na mizani, si kwa kukisia. Tukifika hapo niambie, ile pesa ya mchezo, ya kuchangiana kwa zamu, inaangukia kwangu mwezi ujao na mimi si wa haraka. Usimwambie Swabra.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa kidole gumba. Mashine ilivukaje kutoka Mokowe, imesimama au wameilaza botini? Ikiwa ililazwa, isimamisheni siku nzima kabla ya kuwashwa, mafuta yarudi mahali pake. Kutoka chumba cha Mama hadi darini ni mita ngapi, ukifuata ukuta na si kwa macho? Huyo fundi amefunga wapi nyingine, na umeziona? Ana pampu au ana maneno? Kibandiko kimeandikwa nini? Na Mama mwenyewe anaitaka hiyo AC, au ni sisi tunaoitaka? Na je, ile sufuria yangu kubwa ya biriani, iliyokuja kwenye harusi ya Mwanakheri, bado iko hai?

Kassim nimempa mfuko. Ndani mna raba nne nene za kuweka chini ya miguu ya mashine, zihesabu mbele yake. Achari ni ya Mama, usiifungue.

Wako,
Zulekha

Mpaka nikupate kwenye simu, mwombe Mzee Shekue ahamie upande wa pili wa daka. Mwambie ni kwa ajili ya kivuli.